Kitambaa cha Nani Getini?

"Sukuma geti, Mama Kengele! Mwenzetu ameelemewa!"

Hapo ndipo tulipoishia wiki jana. Mama Sindano amejibanza nyuma ya pazia la sebule yake, anawatazama akina mama wa Umoja wakimiminika uchochoroni na ndoo, mabeseni na miche ya sabuni. Nyuma yake, kwenye mlango wa chumbani, limesimama begi la mume wake, limeshiba hadi zipu imekenua meno. Na nje, juu ya geti, kinapepea kitambaa cheupe chenye pindo la bluu.

Kitambaa chake. Pindo lile alilipinda kwa mkono wake mwenyewe.

Nani amekitundika?

Kwa aliyejiunga nasi leo, maneno machache yanatosha. Mama Sindano ni fundi cherehani, na ndiye anayeshona sare za Umoja wa Akina Mama wa kanisa lao. Umoja ule una desturi yake. Mama akilemewa na mambo ya nyumbani, akashindwa hata kuyasema, anatundika kitambaa chake cha kichwani getini. Basi. Atakayekiona kwanza atawaambia wenzake, nao watakuja. Hawaulizi kuna nini. Wanafua, wanapiga deki, wanabembeleza watoto, mpaka mwenye nyumba afungue kinywa mwenyewe. Akisema, wanamsikiliza. Asiposema, wanaendelea kufua.

Mama Sindano alikuwa tayari kumeza sindano zake zote kuliko kukitundika kitambaa kile. Yeye ndiye anayewafundisha mabinti wa kanisa wanaokaribia kuolewa jinsi ya kuzungumza na waume. Na yeye na mume wake hawazungumzi.

Mume wake, Baba Mikate, aliendesha gari la kiwanda cha mikate mpaka kiwanda kikafungwa. Sasa amepata kazi ya kuendesha lori la vifaranga huko mji wa mbali, mkataba wa miaka miwili. Lori linampitia leo mchana. Siku alipoitwa kazini alimwuliza mke wake, "Unataka niende?" Mama Sindano, kichwa kikiwa kimeinamia cherehani, akamjibu, "Nenda basi!"

Tangu hapo hawajasemeshana ila kwa kumpitia mtoto wao mdogo, Kibonge, ambaye mwenyewe bado hajui kuongea.

Sasa twende.

Mama Sindano aliwahi mlango kabla haujagongwa.

"Karibuni, dada zangu. Lakini mmekosea nyumba."

"Tumekosea?" Mama Kengele aliingia kwanza kwa sauti, mwili ukafuata. "Kitambaa si kile pale? Pindo si lile la kwako? Nani mwingine mtaa huu anapinda vile?"

"Ni changu, ila..."

"Basi tumefika."

"Hamna shida hapa. Tuko salama. Tuko salama kabisa!"

Mama Mwenyekiti akapenya katikati ya wenzake. Ni mama mfupi, mwembamba, mke wa Mchungaji. Anaongea kwa sauti ya chini kiasi kwamba watu humsikiliza wakiwa wameinama. Alimshika Mama Sindano mkono.

"Mwanangu, kila tuliyemwendea alituambia hivyohivyo. Kaa chini."

"Mama, nakuambia kweli..."

"Kaa."

Akakaa. Mama Mwenyekiti akaomba, sala fupi isiyozidi pumzi moja. Walipoitikia "Amina" tayari mikono ilikuwa kazini. Kikombe cha chai kikatua mkononi mwa Mama Sindano, chai yake mwenyewe kutoka kwenye chupa yake mwenyewe. Kibonge akaondolewa kiunoni pake, akaanza kusafiri kutoka paja moja hadi jingine, akicheka kwa kila kituo. Viti vikapaa. Mtu akaanzisha pambio, wa jikoni wakaitikia kwa masufuria.

Mlango wa bafuni ukafunguka. Baba Mikate akatokea, shavu moja limenyolewa na jingine lina povu.

"Kibonge," alisema kwa mazoea, "hebu mwulize mama yako, hii ni harusi au..."

Akamtafuta Kibonge. Hakumwona. Alichokiona ni macho ya akina mama, yote yakimtazama yeye, kisha mke wake, kisha yeye.

Moyo wa Mama Sindano ulishuka hadi kwenye kandambili. Wakigundua leo, Jumamosi atasimamaje mbele ya wale mabinti? Akainuka, akavaa tabasamu pana.

"Baba Kibonge! Mume wangu! Umeamkaje?"

Jua lilikuwa utosini.

Baba Mikate alimtazama kama mtu aliyesemeshwa na ukuta. Kisha akaona ukutani kuna watu.

"Nimeamka salama," akajibu kama anayesoma tangazo. "Salama sana. Mke wangu kipenzi."

"Ooooh!" wakasema akina mama kwa pamoja.

"Mbona wanapendana hivi?" Mama Kengele akashangaa. "Sasa kilichowalemea ni nini?"

"Hatuulizi," alisema Mama Mwenyekiti.

"Siulizi, mama. Nashangaa tu kwa sauti."

Baba Mikate akarudi bafuni kumalizia shavu la pili. Mama Sindano akapumua. Amevuka! Lori litakuja, atawaambia mume wake anakwenda safari fupi, watamuaga kwa pambio, na siri itabaki yake. Na mume je? Aende. Si alishamwambia aende? Alimeza chai kubwa kuliko koo lake.

Alipogeuka kutazama mlango wa chumbani, begi halikuwapo.

"Lile begi liko wapi?"

"Begi lipi?" aliuliza mama mmoja aliyekuwa akipanga vikombe.

"La mume wangu! Lilikuwa pale!"

"Ah, lile. Mama Kengele amelishughulikia."

Ua wa nyuma ulikuwa umegeuka kwa dobi. Povu lilifika magotini. Kwenye kamba, kutoka ukuta hadi ukuta, maisha yote ya Baba Mikate yalikuwa yananing'inia na kuchuruzika: mashati, suruali, sweta la baridi, soksi moja moja. Bukta zake za ndani zilikuwa mbele kabisa, zinapunga mkono kwa upepo.

"Nguo zangu!"

Baba Mikate alikuwa amesimama mlangoni na taulo shingoni.

"Usijali, baba," Mama Kengele alimjibu huku akikamua suruali ya mwisho mpaka ikalia. "Tumeshamaliza. Nilipofungua lile begi nikasema, masikini dada yetu! Nguo chafu kiasi hiki! Zimeshindiliwa!"

"Zilikuwa safi!"

Pambio likakatika.

"Safi?" Mama Kengele aliishusha suruali taratibu. "Nguo safi, zote, ndani ya begi? Zinakwenda wapi?"

"Hatuulizi," Mama Mwenyekiti alisema. Lakini safari hii naye aliinua nyusi.

Baba Mikate akamtazama mke wake. Mama Sindano akatazama mbingu. Mbingu haikumsaidia, ikabidi ajisaidie mwenyewe.

"Mchwa!" akasema. "Kabati limeingia mchwa. Ndiyo maana tulizihamishia kwenye begi."

Msomaji, uongo mwingine ni wa kutumia ukiwa na watu wavivu. Hawa hawakuwa wavivu.

"Mchwa!" alinguruma Mama Kengele. "Dada yangu analala na mchwa, na mimi nahangaika na soksi! Akina mama, chumbani!"

Walipita kama upepo. Kabati likatoka likiwa limelala, limebebwa mabegani kama mgonjwa. Kitanda kikafuata. Godoro likatandazwa juani. Mtu akawa anapiga miguu ya kabati kwa nyundo, anaweka sikio, anasema, "Kimya! Wamejificha." Kibonge akakalishwa juu ya godoro kama chifu, akapiga makofi.

Baba Mikate hakuwa na muda wa mchwa. Aliiona ile suruali ya mwisho, iliyokamuliwa vizuri, ambayo pengine kwa jua lile ingewahi kukauka. Akakimbia kuichukua.

Alikanyaga povu.

Mguu mmoja ukaenda jikoni, mwingine ukaenda barabarani, na mwenyewe akaketi kitako ndani ya beseni kubwa la maji ya bluu. Maji yakaruka hadi kwenye dari ya kibaraza.

"Yesu wangu!" wakapiga kelele akina mama.

"Ameumia?"

"Amelowa!"

"Msimcheke."

"Nani anacheka?" alisema Mama Kengele, machozi yakimtiririka.

Akatolewa kwenye beseni akichechemea. Kila nguo yake duniani ilikuwa mbichi, pamoja na aliyoivaa. Mama Sindano akamvuta ndani haraka na kufunga mlango.

Chumbani hamkuwa na kitu. Ni sakafu, dirisha, cherehani, na mume aliyeloa hadi kwenye nyusi.

"Vua," alisema mke.

Lilikuwa neno la kwanza alilomwambia bila hadhira.

"Nivae nini?"

Akatazama huku na huku. Mashuka yalikuwa nje. Kanga zake zilikuwa nje. Nguo pekee kavu ndani ya chumba kile ilikuwa juu ya cherehani: gauni jipya la sare ya Umoja, la bluu lenye kola nyeupe, saizi ya Mama Kengele. Halijaisha. Kiunoni na kwenye pindo lilikuwa bado na pini.

"Hapana," alisema Baba Mikate.

"Basi kaa hivyo."

Akalivaa. Lilimtosha vizuri mabegani, chini likafagia sakafu.

"Aai!"

"Tulia, ni pini."

"Iko mbavuni!"

"Nimesema tulia, utanichania mshono." Alipiga magoti, akaanza kuchomoa pini moja moja. Kisha akakiona kifundo cha mguu kilivyoanza kuumuka. Akachukua kipande cha kitambaa kilichobaki, akamfunga, taratibu. Nje walikuwa bado wanamtafuta mchwa.

Mlango ukagongwa kidogo. Mkono mwembamba wa Mama Mwenyekiti ukapenyeza kitambaa cheupe, maana ndiyo taratibu yao: wakishaingia, kitambaa hutolewa getini na kurudishwa kwa mwenyewe. Mlango ukafungwa tena.

Mama Sindano akakishika. Akakigeuza.

"Hiki kilikuwa kabatini kwangu," alisema. "Nani alikitoa?"

"Mimi." Baba Mikate alisafisha koo. "Nilikifua. Asubuhi, wakati umelala. Nilitaka kukusaidia kazi kidogo kabla sijaondoka. Nikakianika pale getini, kuna upepo."

"Ulikifua?"

"Ndiyo."

"Kwa sabuni?"

"Kwa sabuni, kwa maji, kwa kila kitu."

Mama Sindano akakikunjua mbele ya uso wake. Katikati, kutoka ncha hadi ncha, mkunjo wa pasi ulikuwa umesimama wima kama alivyouacha. Kitambaa kile hakikuwa kimeonja hata tone la maji.

"Baba Kibonge."

"Naam."

"Wewe unajua kitambaa getini maana yake nini."

Baba Mikate akaanza kunyoosha pindo la gauni.

"Unajua au hujui?"

"Nimekaa na wewe miaka yote hii," alisema mume, akiitazama kola yake mpya. "Nimekuona ukitoka hapa na ndoo kila kitambaa kinapotundikwa. Nitakosaje kujua?"

"Kwa hiyo umewaita wewe."

"Nimewaita mimi."

"Kwa nini?"

Baba Mikate akatafuta pa kukaa. Hapakuwapo. Akaegemea ukuta.

"Kila niliyemwambia nimepata kazi, alinipa mkono. Kinyozi kanipongeza. Fundi viatu kanipongeza. Kaka zangu wamenipigia simu kunipongeza. Nikasema, jamani, hivi hakuna hata mtu mmoja wa kuniambia nisiende? Leo nimeamka, nikaliona begi pale mlangoni, nikashindwa. Sikujua nimwite nani. Nikawaita wale unaotoka nao na ndoo."

Mama Sindano akakikunja kitambaa.

"Kwa nini hukuniambia mimi?"

"Nilikuuliza! Ulisema nenda basi!"

"Nilikuwa na pini mdomoni!"

"Sasa?"

"Sasa mtu mwenye pini mdomoni anaweza kusema nini kirefu? Ulikuja na swali la miaka miwili, mimi nina sare za watu, nina pini midomo yote miwili, nikasema la kwanza lililopita katikati ya pini! Nikangoja uulize tena. Hukuuliza!"

"Nilingoja uniambie ulikuwa unatania!"

Wakatazamana. Yeye na kitambaa chake, mumewe na gauni la Mama Kengele. Mama Sindano akauma mdomo. Haikusaidia. Kicheko kikamtoka puani, kikamtoka machoni, akakaa chini sakafuni akakishikilia kifua.

"Usinicheke," alisema Baba Mikate, naye akaanza.

"Niulize tena," alisema Mama Sindano alipopata pumzi. "Sina pini. Tazama." Akafungua mdomo mzima. "Niulize."

Baba Mikate akainama mbele yake, gauni likamzunguka kama hema.

"Unataka niende?"

Mama Sindano akafungua mdomo kujibu.

PAAAAAAM!

Honi ilitikisa madirisha. Jibu lote likamezwa. Baba Mikate aliona midomo inatembea, hakusikia hata neno.

PAAAM! PAAAM!

"Lori!" mtu alipiga kelele nje.

Lilikuwa limesimama upande mmoja barabarani, upande mwingine kwenye uzio wa majani wa jirani. Kutoka nyuma, kwenye masanduku yaliyopangwa hadi juu, sauti ndogo zilikuwa zinalia, chwi chwi chwi, kama mvua juu ya mabati. Mwenye lori aliteremka kwa kinyumenyume, akitafuta ardhi kwa ncha ya kiatu. Alikuwa amelowa jasho.

"Namtafuta dereva," alisema. Akamwona mtu mwenye gauni la bluu mlangoni. "Shikamoo, mama. Dereva yupo?"

"Ni mimi," alisema Baba Mikate.

Mwenye lori akatazama gauni. Akatazama masharubu. Akatazama kola.

"Sawa," alisema kwa unyonge. "Leo sishangai kitu. Twende, kaka. Mimi ni mfanyabiashara wa vifaranga, si dereva. Nimelileta hapa kwa gia ya kwanza tu, na nimegonga vitu ambavyo sikusimama kuviangalia. Hawa wasipofika leo kabla jua halijazama, wote wanakufa. Panda, safari ya miaka miwili inaanza."

"Miaka miwili?" aliuliza Mama Kengele.

Mikono yote ikasimama. Hata nyundo ya mchwa.

Mama Sindano alijua kwamba bado anaweza. Angesema "ni safari fupi tu," wote wangeamini, na Jumamosi ingepita salama. Akamtazama mume wake akichechemea kuelekea kwenye lori. Hakuwa amesikia jibu lake. Alikuwa anakwenda kwa lile jibu la kwanza, lile la pini.

"Akina mama!" alipaza sauti. "Nina la kusema."

Ndoo zikawekwa chini. Bomba likafungwa. Wakafuta mikono kwenye nguo zao, wakasimama, maana hili ndilo wanalolingoja siku zote.

"Hakuna mchwa," alisema Mama Sindano.

"Nilijua!" alisema aliyeshika nyundo.

"Mume wangu anahama kwa miaka miwili. Nilimwambia mimi aende. Sikumaanisha, na nimeona aibu kumrudia. Nawafundisha mabinti zenu kuzungumza na waume, na mimi namsemesha wangu kupitia mtoto wa kunyonya." Akamgeukia mume wake. "Baba Kibonge, umeniuliza, honi ikalia. Nakujibu mbele ya hawa wote. Sitaki uende. Sitaki hata kidogo. Tutakula nitakachoshona mpaka upate kazi hapahapa."

Hakuna aliyemhukumu. Mama Kengele tu ndiye aliyeangua kilio, na kilio chake vifaranga wenyewe walinyamaza kukisikiliza.

"Na wewe, baba?" aliuliza Mama Mwenyekiti kwa sauti yake ya chini.

"Sikutaka tangu mwanzo, mama," alijibu Baba Mikate.

"Haleluya!"

Wakapiga vigelegele. Kibonge akarushwa juu akadakwa. Mama Sindano akakumbatiwa na gauni la bluu mbele ya watu wote, pini mbili zilizosahaulika zikawachoma wote wawili, wala hawakujali.

"Jamani," ilisikika sauti nyembamba. "Na hawa vifaranga wangu?"

Shangwe ikapoa.

Mwenye lori alikuwa amesimama peke yake kando ya gurudumu. Nyuma yake, chwi chwi chwi.

"Amesema kweli," alisema Baba Mikate. "Nilimpa neno langu. Siwezi kumwacha hapa barabarani. Kazi ya miaka miwili siitaki, lakini leo nitampeleka, kisha nirudi."

Akapanda, gauni amelikusanya kwa mkono mmoja. Akaketi. Akakanyaga klachi.

"AAAI!"

Mguu ulikuwa umevimba kama mkate uliozidishiwa hamira. Akajaribu tena, jasho likamtoka. Mara ya tatu Mama Sindano akamshika goti.

"Acha. Utauvunja."

"Nani mwingine anajua kuendesha lori hapa?" Mwenye lori aliwatazama mmoja mmoja, akina mama wenye mabeseni. "Nani? Nipeni jina la mtu yeyote!"

Wakatazamana.

"Sogea," alisema mtu.

Alikuwa Mama Mwenyekiti.

Alipita katikati yao, akapandisha sketi yake kidogo, akaweka mguu kwenye ngazi ya lori kama mtu anayepanda kitanda chake. "Nileteeni mto," alisema. Mto ukaletwa mbio kutoka kwenye godoro la uani. Akaukalia, akavuta kiti mbele, akarekebisha kioo.

"Mama Mwenyekiti!" Mama Kengele alishika kichwa. "Unajua kuendesha?"

"Nilijua kabla sijajua kusali."

"Lini? Wapi? Nani alikufundisha?"

"Hatuulizi," alisema Mama Mwenyekiti, na injini ikanguruma.

Hata kanisa zima kama lingepaa, lisingewashangaza vile. Mama Mwenyekiti akachungulia dirishani, akatoa amri moja baada ya nyingine. Mama Kengele abaki na Kibonge. Wengine warudishe kitanda ndani. Baba Mikate akae pembeni amwonyeshe njia. Mama Sindano akae katikati.

"Mimi tena?"

"Mna mengi ya kuzungumza, na safari ni ndefu."

"Na mimi?" aliuliza Mwenye lori.

"Wewe nyuma, na watoto wako."

Lori likatoka kwenye majani ya jirani kwa heshima, bila kuvunja hata jani jingine. Akina mama wakakimbia nalo hadi kona, wakipunga vitambaa. Ndani, Mama Sindano alikaa begani kwa mume wake, akicheka kila gia inapobadilika, kwa maana kila gia ilibadilika bila kelele, kama kijiko kinavyoingia kwenye uji.

Walipokunja kona ya kanisa, Mchungaji alikuwa katikati ya barabara.

Alishuka kwenye baiskeli. Aliona lori. Aliona waliomo. Alimwona mke wake nyuma ya usukani, na baiskeli ikamponyoka.

Lori likasimama mbele ya magoti yake. Mama Sindano alingoja ashangae, aulize, afoke. Mchungaji hakufanya hata moja. Alikuja dirishani, akausoma mji ulioandikwa kwenye masanduku ya vifaranga, na uso wake ukapauka.

"Unarudi kule?" alimwuliza mke wake.

"Narudi."

"Umewaambia hawa?"

"Bado."

Mchungaji akazunguka mbele ya lori, akafungua mlango wa pili. "Sogeeni, wanangu," alisema. "Huko haendi peke yake." Pakabanana kiasi kwamba Mama Sindano aliishia mapajani mwa mume wake, mikono ya mume ikamshika kiunoni, na hakuna aliyemwambia aiondoe.

Lori likaondoka tena.

"Mchungaji," Baba Mikate alithubutu, "huko tunakokwenda kuna nini?"

"Kuna mtu," alisema Mchungaji, "anayeamini kwamba mke wangu alikufa zamani. Alimzika. Kaburi lipo, na jina lake limeandikwa juu."

"Nani?" waliuliza mume na mke kwa pamoja.

Mama Mwenyekiti hakuondoa macho barabarani.

"Mama yangu mzazi," alisema, akakanyaga mafuta.